Udongo, vifuniko na kutu: jinsi mwanafunzi wa sanaa anavyoweza kutengeneza kazi ya vifaa mchanganyiko kuhusu mazingira

Kazi nyingi za wanafunzi kuhusu mazingira huharibika kabla brashi haijaguswa, kwa sababu mada ni pana mno. "Uchafuzi wa mazingira" ukiachwa hivyo huishia kuwa dunia inayotoa machozi, au mti wenye nusu ya kijani na nusu iliyokauka, picha ambazo kila mtu ameshaziona. Bana mada hadi iwe kitu unachoweza kukiendea kwa miguu na kukihesabu: vifuniko vya chupa katika mita 50 za ukingo wa mto, masizi yaliyoganda kwenye ukuta ulio kando ya barabara, tabaka za udongo zilizobaki wazi pale maji ya mvua yalipokata korongo. Ukishachagua eneo, vifaa vitoke humo humo. Mtazamaji anayesimama mbele ya udongo halisi wa korongo hilo hahitaji kuchorewa korongo.

Kukusanya

Nenda na glavu nene, mifuko, daftari na kalamu. Andika tarehe, urefu wa eneo ulilopita, na idadi ya kila aina ya kitu ulichookota. Hesabu hizi zitakusaidia sana baadaye, maana ndizo zinazoweza kuamua mpangilio wa kazi. Ukiokota vifuniko 140 vya buluu na 12 vyekundu, uwiano huo unaweza kuwa ndio upana wa mikanda ya rangi ubaoni, na hapo hutapanga kwa kubahatisha.

Sindano, vichupa vya dawa, betri na chochote kilicholowa mafuta ya mashine usikiokote. Viota na mimea hai iache mahali pake. Majani yaliyokwisha kuanguka yanatosha.

Plastiki na vioo vioshe kwa sabuni, kisha viloweke dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, mililita 20 kwa kila lita 1 ya maji, halafu suuza na uanike. Chuma usikiloweke humo, kitaliwa. Na klorini isikutane kamwe na siki, ambayo utaitumia kwenye kutu hapo chini: vikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Ubao wa kubebea

Kanvasi ya kawaida haifai kwa kazi nzito. Inalegea, na kila kinachobandikwa juu yake kwa gundi ngumu kinapasuka pembeni. Tumia plaiwudi ya milimita 9. Ukubwa wa sentimita 60 kwa 80 ni mzuri kuanzia. Ubao wenyewe utakuwa na uzito wa kama kilo 2.5, kwa hiyo bado unabebeka hata baada ya kuongezewa vitu.

Rangi ya msingi unaweza kuichanganya mwenyewe: sehemu 1 ya gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 ya maji, sehemu 2 za unga laini wa chokaa isiyochomwa (kalsiamu kaboneti), na nusu sehemu ya rangi nyeupe ya akriliki. Koroga hadi iwe kama uji mwepesi, uichuje. Paka mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kwanza, na kati ya mkono mmoja na mwingine pitisha msasa namba 220. Ukikuta rangi inaacha unga kidoleni baada ya kukauka, gundi ni kidogo. Ikiwa inang'aa na maji yanateleza juu yake, gundi imezidi na rangi ya udongo haitashika. Paka na upande wa nyuma pia, angalau mkono mmoja. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu kwa upande mwingine na kupinda.

Rangi ya udongo

Chukua udongo wa chini, si ule mweusi wa juu wenye mizizi na majani yaliyooza, kwa kuwa huo huota ukungu. Nusu lita kwa kila rangi inatosha. Anika, twanga, chekecha. Mimina kwenye chombo cha maji mara tano ya ujazo wake, koroga kwa nguvu, subiri sekunde 30 hivi mchanga utue chini, kisha mimina yale maji yenye tope kwenye chombo cha pili. Yaache usiku kucha. Asubuhi maji safi yatakuwa juu na tope laini chini. Mwaga maji, anika tope, lisage tena. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha rangi na matope. Mchanga ukibaki, brashi inakwaruza na rangi inakatika.

Changanya sehemu 1 ya unga na sehemu 1 ya gundi ya akriliki isiyo na rangi, ongeza maji matone machache, paka kipande cha majaribio. Kikikauka, kisugue kwa kitambaa kikavu. Rangi ikitoka, ongeza gundi kidogo kidogo. Ikipasuka, umepaka nene mno: udongo wa mfinyanzi husinyaa unapokauka, na safu nene husinyaa kuliko inavyoweza kuhimili. Paka safu nyembamba kadhaa, au ongeza mchanga laini ulioutenga mwanzoni. Kama mada yako ni ukame, nyufa hizo unaweza kuzitaka, ila zipitishie gundi iliyozimuliwa (sehemu 1 kwa maji 3) ili vipande visidondoke.

Rangi nyekundu na njano za udongo zinatokana na oksidi za chuma na hazipauki kwa mwanga. Rangi za maua, majani na bizari ya manjano zinapauka, tena haraka. Mwanafunzi asiyelijua hili hukuta kazi yake imefifia kabla ya maonyesho kwisha. Anayelijua anaweza kulitumia kwa makusudi: funika nusu ya kitambaa kilichotiwa rangi ya maua kwa kadibodi, kiweke dirishani penye jua, na mstari utakaotokea utakuwa kumbukumbu ya mwanga wenyewe.

Plastiki

Hapa ndipo kazi nyingi hubomoka, na chanzo huwa kimoja: gundi nyeupe haishiki mifuko wala vifuniko. Plastiki ya aina ya polithini na polipropilini haikubali kulowana, kwa hiyo gundi inakauka juu yake kama ngozi inayobanduka. Bandika kipande cha sentimita 5 kwenye ubao, subiri saa 24, kisha ukwangue pembeni kwa ukucha. Kitatoka kizima, na upande wake wa chini utakuwa safi kabisa, hauna hata alama ya gundi. Kuongeza gundi hakusaidii. Plastiki hizi zishikwe kwa kushonwa, kufungwa waya au skrubu.

Vifuniko vitoboe kwa keekee yenye biti ya milimita 1.5, milimita 4 au 5 kutoka ukingoni. Ukikaribia zaidi, waya utakata plastiki. Weka kipande cha mbao chini ya kifuniko ili biti isiteleze. Tumia waya wa shaba wa milimita 0.5, pindisha ncha mara tatu kwa koleo, na uzilaze nyuma zisimchome mtu. Msanii El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vinakuwa mashuka makubwa yanayokunjika. Angalia picha za karibu za kazi zake uone jinsi kila kipande kilivyofungwa kwa jirani yake, bila kutegemea ukuta wa nyuma. Kwa vifuniko mbinu hiyo ina nguvu kuliko kubandika kimoja kimoja.

Mifuko inaweza kuyeyushwa kuwa shuka moja, lakini kwanza jua ni plastiki gani. Kata kipande kidogo, kizamishe kwa kidole kwenye maji yenye tone la sabuni, kiachie. Polithini na polipropilini huelea. Kinachozama usikipige pasi, kwa sababu kinaweza kuwa PVC, plastiki yenye klorini ambayo ikipata moto hutoa mvuke wa asidi unaounguza mapafu. Povu jeupe la vifungashio huelea pia, nalo usilichome.

Kata mishikio na mshono wa chini wa mifuko, panga tabaka 6 hadi 8, maandishi yakiwa ndani kwa kuwa wino huyeyuka. Weka karatasi ya kuokea juu na chini. Pasi iwe ya moto wa kati, bila mvuke, na isitulie mahali pamoja: sekunde 10 hadi 15, kisha geuza. Fanyia nje, au karibu na dirisha lililo wazi. Matundu yakitokea, moto umezidi. Tabaka zikiachana ukizivuta pembeni, moto ni mdogo. Acha shuka lipoe chini ya kitabu kizito, la sivyo litajikunja. Likipoa linashoneka kwa mkono au kwa cherehani, mishono mirefu ya milimita 4. Mishono mifupi hulitoboa na kulifanya lichanike kama stempu.

Usipige msasa plastiki. Vumbi lake ni plastiki ile ile katika chembe ambazo hutaweza kuziokota tena. Katia juu ya shuka la kitambaa, ukusanye mabaki yote. Vivyo hivyo maji ya kuoshea brashi za akriliki: yaache kwenye ndoo hadi rangi itue, kisha tope likikauka ulitupe kwenye taka. Kazi inayolalamikia mto haiwezi kumwaga rangi kwenye mfereji unaouelekea.

Karatasi, majani na kutu

Gazeti hugeuka njano kwa sababu lina lignini, kitu cha asili cha mbao kinachobadilika rangi kwa mwanga na hewa. Ukitaka maandishi yadumu, toa nakala ya leza kwenye karatasi nzuri. Nakala ya printa ya wino huvuja ikiguswa na gundi. Lowanisha karatasi na ubao vyote kwa gundi iliyozimuliwa, anzia katikati ukisukuma hewa nje kwa kipande cha kadi.

Majani yakandamize kati ya magazeti chini ya uzito kwa wiki mbili, ukibadilisha magazeti kila siku kwa siku nne za kwanza. Jani lenye unyevu likifunikwa vanishi huoza humo humo. Magome na mbegu huficha wadudu: vifunge kwenye mfuko na uviweke kwenye friza, nyuzi -18, kwa wiki moja.

Kutia kitambaa rangi ya kutu ni rahisi. Zungushia misumari au vipande vya chuma kwa kitambaa cha pamba kilicholowa siki na maji nusu kwa nusu, funga kwenye plastiki saa 24 hadi 48, kisha suuza kitambaa kwenye maji yenye kijiko cha magadi. Bila magadi asidi inaendelea kula nyuzi.

Kufunga na kutundika

Fuata mpangilio huu: rangi ya udongo, kisha karatasi na kitambaa, kisha majani, vitu vya waya na skrubu mwisho. Vanishi ya akriliki ipakwe kabla ya plastiki kufungwa, maana juu ya plastiki itabanduka. Mkono wa kwanza juu ya udongo upake mwepesi bila kurudia rudia, usije ukauburura.

Pima kazi iliyokamilika kwenye mizani. Pete za kutundikia zifungwe kwa skrubu fupi kuliko unene wa ubao, theluthi moja kutoka juu, na waya uwe wa kubeba angalau mara mbili ya uzito huo. Itikise kazi kwa nguvu juu ya shuka jeupe kabla haijatoka nje. Kilichodondoka kirudishe kwa waya.

Kwenye kibandiko usiandike "vifaa mchanganyiko" tu. Andika udongo ulitoka wapi, vifuniko vingapi, siku gani viliokotwa. Nyuma ya ubao chora ramani ndogo ya skrubu, ili siku kazi itakapofumuliwa, plastiki itenganishwe na mbao bila kuvunja chochote.