Namna ya kusoma habari ya chanjo mpya bila kuingizwa chaka

Ukiona "chanjo inakinga 75%" kwenye grupu la Wasapu usiforwadi kwanza, tafuta walijaribu kwa nani. Chukua chanjo ya malaria inayoitwa R21, walichanja watoto wa miezi 5 hadi 36 huko Burkina Faso, Mali, Kenya na hapa kwetu Bagamoyo, jumla kama 4,800 hivi, sio panya (zile "dawa ya kansa imepatikana" ukichimba mara nyingi ni panya tu!). Halafu cheki kundi la kulinganisha (wale wasiopewa chanjo inayojaribiwa) lilipewa nini, hapo walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haizuii malaria.

Sasa hiyo 75% ndo inachanganya watu, sio kwamba watoto 75 kwenye 100 hawaugui kabisa. Yaani kama kwa wasiopewa R21 wangetokea wagonjwa 40, kwa idadi ileile ya waliopewa wanatokea kama 10, ndani ya mwaka mmoja, tena hiyo ni kule malaria inakuja kwa msimu, ila penye malaria mwaka mzima kama Bagamoyo na Kilifi ilikuwa 68%.

Mwisho angalia nani katoa hela. Hapa mmojawapo ni mtengenezaji mwenyewe, Serum Institute ya India, sio dhambi ila ujue.