Somo: Kuchota sampuli ya maji ya kisima kwa ajili ya kupima sumu

Niliwahi kupata majibu ya benzini, sumu iliyomo kwenye petroli na moshi wake, kutoka kisima ambacho hakikuwa na shida yoyote. Kumbe jenereta ilikuwa ikinguruma hatua chache tu kutoka kisimani, upande upepo unakotokea. Sampuli ikishaharibikia kisimani, maabara haina la kufanya.

1. Amua unatafuta nini, halafu maabara ikupe chupa. Madini kama risasi na aseniki huwekwa kwenye plastiki yenye asidi ya nitriki. Dawa za mashambani, kwenye kioo cha kahawia. Petroli, kwenye vichupa vya kioo vya mililita 40. Chupa yenye asidi usiisuuze.

2. Pima kina cha maji kabla ya kuwasha pampu, ujue kisima kina mita ngapi za maji.

3. Toa maji yaliyolala. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana maji yaliyosimama ndani ya bomba la kisima si yale yaliyomo kwenye mwamba. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 hubeba lita 7.85 kwa kila mita. Ukiwa na mita 12 za maji, hizo ni kama lita 94. Zitoe mara tatu, karibu lita 283. Huku ukipima pH (kiwango cha uchachu wa maji) na upitishaji wa umeme. Vipimo visipobadilika mara tatu mfululizo, chota.

4. Vaa glavu mpya, anza na vichupa vya petroli. Punguza kasi ya maji, yateremke kwa kufuata ukuta wa kioo mpaka yafanye kitumbo juu ya mdomo. Funga, pindua, gonga kwa kidole. Ukiona kiputo, chukua kichupa kingine.

5. Andika lebo chupa ikiwa kavu: kisima, tarehe, saa. Weka kwenye boksi la barafu, nyuzi 4 hivi, na ujaze fomu ya makabidhiano, inayoonyesha nani amempa nani sampuli. Naitreti, kemikali ya mbolea na vinyesi, isipotiwa asidi inataka kupimwa ndani ya saa 48, kwa hiyo usichote Ijumaa jioni.

MASWALI

Maji yangu yana tope. Niyachuje?

Inategemea. Kama unataka kujua watu wanakunywa nini, usichuje. Kama unatafuta madini yaliyoyeyuka tu, chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45 papo hapo kisimani, kabla maji hayajagusa asidi. Ukichelewa, asidi itayang'oa madini kwenye tope na kipimo kitapanda bure.

Nina visima vitatu na pampu moja, nianze na kipi?

Unachodhani ni kisafi zaidi. Unachokishuku kiwe cha mwisho, na pampu ioshwe kila unapohama.

Tukisubiri majibu, tuchemshe ya kunywa?

Kuchemsha huua vijidudu. Risasi, aseniki na naitreti hazitoki. Maji yakipungua sufuriani, zinazidi kukolea. Tafuteni maji kwingine kwa sasa, hasa ya kuchanganyia maziwa ya mtoto mchanga.