Kabla hujanunua shokapu, likague gari kwanza

Gari likianza kugonga kwenye matuta, jina la kwanza kutajwa gereji ni shokapu. Mara nyingi inasingiziwa. Bushi (raba za kwenye maungio) zilizokwisha au stabilaiza linki (kifimbo cha kuunganisha stabilaiza) iliyolegea hugonga vilevile, na bei yake ni ndogo sana. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kandamiza kona moja ya gari kwa uzito wako wote kisha uachie. Linatakiwa lipande na kutulia. Likiendelea kunesa, shokapu ya kona hiyo imechoka. Papasa na tairi pia, maana shokapu iliyokufa huacha vibonde vibonde kwenye kashata, yaani meno ya tairi. Unyevunyevu kidogo juu ya shokapu usikutishe, ila mafuta yakishachuruzika hadi chini, hiyo imekwisha.

Jiulize pia unataka nini. Anayebeba uzito ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi, kwa kuyalazimisha mafuta yapenye kwenye vitundu vya valvu. Gari limekaa chini nyuma? Tafuta springi, shokapu haitalinyanyua. Na kama ulishaweka spesa za kunyanyua gari nyuma, pima urefu kabla ya kununua, la sivyo shokapu ya kawaida itafika mwisho wake kabla tairi halijafika chini ya shimo, na utasikia "ko!" kila mara.

Ukipita sana barabara za vumbi zenye mawimbi, chukua ya gesi. Mafuta yakichemka na kusukwasukwa hutoa povu, na shokapu inalegea ukiwa katikati ya safari; naitrojeni huyakandamiza yasitoe povu. KYB, watengenezaji wa shokapu wa Japani, wana Excel-G, ya bomba mbili, na Gas-A-Just, ya bomba moja. Ya bomba moja hupoa haraka na hushika barabara vizuri kwenye kona, ila ni ngumu, na jiwe likilibonyeza bomba, pistoni hukwama. Mimi nilifunga ngumu kwenye Toyota IST yangu. Mama alikaa kiti cha nyuma mara moja tu. Safari iliyofuata akasema atapanda daladala.

Dukani usiseme "naomba za IST". Nenda na namba ya chesisi: NCP65 ni fowili (inavuta kwa tairi zote nne) na shokapu zake za nyuma si za NCP60 wala NCP61. Za mbele, kulia na kushoto hazifanani. Nunua jozi, pamoja na mauntingi (kishikizo cha juu cha shokapu), bearingi zake, raba ya ndani na kava la vumbi, kwa sababu mauntingi ya zamani ikirudishwa, mlio unarudi nayo.

Siku ya kufunga usimwache fundi peke yake. Akiishika ile fimbo inayong'aa kwa praiza ili akaze nati, mkwaruzo mmoja unatosha kuichana sili, na shokapu mpya itavuja. Nati za bushi akaze gari likiwa limekalia tairi zake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hubaki imejisokota na huchanika mapema. Zikiwa za mbele, toka hapo uende moja kwa moja kwenye alaimenti, kunyoosha tairi.