SOMO: Barua ya kupinga faini ya maegesho Uingereza, hatua kwa hatua

Wakuu, somo hili ni la walioko England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, tusichanganye.

1. Jua nani kakuandikia

Soma kichwa cha karatasi kabla ya kushika kalamu. PCN ziko za aina mbili. Penalty Charge Notice inatoka halmashauri, au Transport for London kwa barabara zao, na hiyo ni faini ya kisheria. Parking Charge Notice inatoka kampuni binafsi, kwa mfano wanaosimamia maegesho ya supamaketi. Hayo ni madai ya mkataba, hata kama wameirembesha ifanane na ya serikali. Hatua zinazofuata ni za halmashauri. Za kampuni ziko kwenye maswali.

2. Hesabu siku

Karatasi ikibandikwa kwenye kioo, siku hiyohiyo ndiyo siku ya kwanza, si kesho yake. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Nje ya London, halmashauri nyingi hutoza £70 kwa makosa mazito na £50 kwa mepesi, kwa hiyo nusu ni £35 au £25. London ni juu zaidi.

Hapa ndipo watu wanapoogopa na kulipa haraka, wakidhani wakipinga punguzo linapotea. Mwongozo wa serikali unazitaka halmashauri zitoe tena nafasi ya nusu bei pale zinapokataa pingamizi lililofika ndani ya siku hizo 14. Kwa hiyo pinga mapema, wiki ya kwanza ikiwezekana. Na usilipe kisha ukapinga: malipo yanafunga kesi.

3. Soma kosa, kisha picha

Kwenye PCN kuna namba ya kosa yenye tarakimu mbili. 01 ni kuegesha penye mistari ya njano katika saa zilizokatazwa. 05 ni muda uliolipiwa kuisha. 12 ni sehemu ya wakazi bila kibali, 40 ni sehemu ya walemavu bila Blue Badge. Barua yako ijibu kosa hilo tu. Aliyeandikiwa 05 akieleza kwamba kibao hakionekani vizuri, na tiketi alikata mwenyewe, amejipinga.

Halafu ingia tovuti ya halmashauri, weka namba ya PCN na namba ya gari, ufungue picha za askari wa maegesho. Zipakue zote. Tazama saa aliyoanza kuliangalia gari na saa aliyoandika. Tazama kama tiketi inasomeka kwenye dashibodi, kama mstari umefutika, kama kibao kilichopigwa picha ndicho kilichokuwa karibu na gari lako. Kama kibao kina kasoro, rudi ukapige picha zako siku hizohizo: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha mtaa mzima.

4. Chagua hoja moja inayothibitika

Hoja zinazoshinda: kosa halikutokea, gari ulishaliuza, gari lilichukuliwa bila idhini yako, ulishalipa, kiasi kinachodaiwa kinazidi cha kisheria, halmashauri haikufuata utaratibu. Ugonjwa wa ghafla au gari kuharibika barabarani navyo wanavizingatia, lakini kwa hiari yao, na bila karatasi ya hospitali au risiti ya kuvutwa gari usitegemee kitu.

Hoja zinazoua barua ni "niliondoka dakika mbili tu", "sikukiona kibao", "nina miaka kumi sijawahi kufanya kosa". Mbili za kwanza ni kukiri. Ukichanganya hoja nzuri na za namna hii, afisa atajibu zile dhaifu na kuiruka ile nzuri.

5. Andika

Ukurasa mmoja unatosha. Mfano huu ni wa kosa 05 lililotokea England, maana kanuni ya dakika 10 ni ya England. Uandike kwa Kiingereza chepesi:

> PCN namba: ______ Gari namba: ______ Tarehe ya PCN: ______
>
> Napinga PCN hii kwa sababu kosa halikutokea.
>
> Gari lilikuwa sehemu ya kulipia. Muda niliolipia uliisha 14:10. PCN ilitolewa 14:19, dakika 9 baadaye. Kanuni haziruhusu faini kabla ya kupita dakika 10 tangu muda uliolipiwa kwisha.
>
> Viambatisho: picha ya tiketi, nakala ya PCN, picha ya askari yenye saa.
>
> Naomba PCN ifutwe. Mkikataa, naomba mjibu hoja ya dakika 10 na mnitumie kumbukumbu za askari.
>
> Jina, anwani, tarehe.

Angalia saa zako. Anayewaza kwa saa za Kiswahili huandika 8:10, na afisa anasoma asubuhi. Andika 14:10.

6. Tuma, tunza

Kwa mtandao, hifadhi picha ya ukurasa wa uthibitisho wenye namba ya kumbukumbu. Kwa posta, omba cheti cha kupostia pale kaunta, ni bure. Tuma nakala, asili baki nazo.

7. Wakikataa

Barua ya kwanza ni pingamizi lisilo rasmi. Likikataliwa na usipolipa, mmiliki wa gari atapata Notice to Owner. Ana siku 28 za kupinga rasmi, na halmashauri ina siku 56 za kujibu. Zikipita kimya, pingamizi limekubaliwa. Wakikataa tena wanatuma Notice of Rejection, na una siku 28 za kukata rufaa kwa London Tribunals, au Traffic Penalty Tribunal kwa walioko nje ya London. Rufaa ni bure. Watu wengi huishia njiani wakati hapa ndipo mtu asiye mwajiri wa yule askari anapoisoma kesi kwa mara ya kwanza. Ukinyamaza, inakuja Charge Certificate na faini inaongezeka kwa nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nilisimama mistari ya njano dakika tano nikishusha mzigo. Nitumie hiyo hoja ya dakika 10?

Jibu: Hapana. Dakika 10 ni za sehemu iliyoruhusiwa kuegesha, muda ukiisha. Hoja yako ni kushusha mzigo, ambako kwa kawaida kunaruhusiwa kwenye mistari ya njano isipokuwa ukingo wa barabara una alama fupi za njano. Ambatisha hati ya kupokelea mzigo yenye saa. Mfuko mmoja wa sokoni hautakubalika kirahisi.

Swali: Nililipa kwa simu, nikaandika O badala ya sifuri kwenye namba ya gari.

Jibu: Tuma risiti, zungushia herufi iliyokosewa, onyesha kwamba mahali na muda vinalingana. Omba wazingatie kwamba pesa waliipata.

Swali: Kamera ya kampuni ya supamaketi, hapakuwa na karatasi kiooni, barua imenifikia siku ya 20. Nilipe?

Jibu: Usilipe bado, na usimtaje dereva. Sheria ya Protection of Freedoms ya 2012 inataka barua ya namna hiyo imfikie mwenye gari ndani ya siku 14 baada ya siku ya kuegesha, vinginevyo hawawezi kumdai mwenye gari badala ya dereva. Andika "dereva aliegesha", kamwe si "niliegesha". Neno hilo moja linawapa dereva wao. Wakikataa, rufaa ni POPLA ndani ya siku 28 au IAS ndani ya siku zilizoandikwa kwenye barua yao ya kukataa. Hivyo ni vyombo viwili vya rufaa za maegesho ya kampuni, na kipi kinakuhusu inategemea kampuni iko chama gani.

Swali: Wakuu nisaidieni. Nilihama, barua zote zilikwenda nyumba ya zamani, sasa madalali wa mahakama wamegonga mlango. Faini ni ya halmashauri.

Jibu: Barua kwa halmashauri haitasaidia tena. Jaza fomu TE9, useme hukupata Notice to Owner, na TE7 ya kueleza kwa nini umechelewa, uzipeleke Traffic Enforcement Centre, kitengo cha mahakama kilichoko Northampton. Jaza ukweli mtupu, uongo hapo unaweza kukufikisha mahakamani. Ikikubaliwa, nyongeza inaondoka na kesi inarudi nyuma. Faini yenyewe haijafutwa. Leo hii badilisha anwani kwenye kadi ya gari, V5C. Ni bure.

Swali: Gari ni la shemeji, mimi nilikuwa naendesha. Nani aandike?

Jibu: Barua ya kwanza unaweza kuandika wewe. Kuanzia Notice to Owner ni yeye, au wewe ukiwa na barua yake iliyosainiwa ya kukuruhusu.