Kurudi Mazoezini ya Ngumi Baada ya Kukaa Nje Muda Mrefu, na Namna ya Kuupata Uzani Wako

Bondia anayerudi mazoezini baada ya miaka miwili au mitatu huja na jibu mdomoni kabla hajaulizwa swali. Ukitaka kujua atapigana uzani gani, atakutajia ule wa pambano lake la mwisho, kana kwamba mwili wake wa zamani ulikuwa umefungiwa kabatini ukimsubiri. Ninafundisha vijana Manzese, na kabla ya kufundisha nilipigana mwenyewe, nikaacha, kisha nikarudi nikiwa na jibu hilohilo mdomoni. Nitasimulia yaliyonipata tutakapofika mahali pake. Katika mwongozo huu uzani unachaguliwa baada ya wiki nane za mazoezi, wala hauchaguliwi siku ya kwanza. Nitatumia neno uzito kwa kilo zinazosomwa kwenye mizani, na neno uzani kwa daraja la kupigania.

Hatua ya kwanza: daktari

Nenda ukapimwe shinikizo la damu, sukari, macho na moyo, na umweleze daktari ukweli wote kuhusu mara ulizoangushwa kwa KO, pamoja na zile za mazoezini ambazo hazikuandikwa popote. Maumivu ya kichwa yanayojirudia, kuona ukungu au kusahausahau ni mambo ya kusemwa hapo, kwa sababu huku jimu hakuna mtu mwenye kifaa cha kuyaona.

Hatua ya pili: mizani moja na daftari

Tafuta mizani moja na uishi nayo. Anayepimwa leo na kijana wa mizani pale Kariakoo, kesho duka la dawa na keshokutwa jimu, hajui uzito wake; anajua tofauti za mizani tatu. Mizani ya nyumbani iweke juu ya sakafu ngumu, isikae kwenye zulia wala mkeka. Ili kuijaribu, jaza ndoo maji ya lita 20, kisha panda juu ya mizani mara mbili, kwanza ukiwa umeshika ndoo tupu, halafu ukiwa umeshika iliyojaa. Kwa kuwa lita moja ya maji ina kilo moja, tofauti inapaswa kuwa kilo 20 au karibu sana na hapo. Ikisoma 18 au 22, irudishe dukani, au angalau usiitumie kwa uamuzi wowote wa kuingia ulingoni.

Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kunywa chochote, ukiwa na nguo ya ndani tu. Namba ya siku moja haina maana kubwa, kwa hiyo jumlisha za siku saba, ugawanye kwa saba, na uandike wastani huo. Mara moja kwa wiki chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno usawa wa kitovu, kwa sababu mizani haijui kutofautisha msuli na kitambi. Kwa mabondia wanawake, uzito unaweza kupanda kwa maji siku za karibu na hedhi, hivyo ni busara kulinganisha wiki ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Hatua ya tatu: wiki nane za kuurudisha mwili

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoharakisha. Pumzi hurudi mapema kuliko mtu anavyotarajia. Baada ya wiki tatu hivi za kukimbia, bondia wa zamani hujiona yuko tayari. Mikono nayo inakumbuka kila kitu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana ngumi inatoka kwa kasi ya zamani huku kano za kifundo, kiwiko na bega zikiwa bado za mtu aliyekuwa anakaa dukani. Kano hukomaa polepole kuliko misuli. Wengi wa wale ninaowapokea tena hawasimamishwi na pumzi. Wanasimamishwa na kifundo kilichovimba wiki ya pili kwa sababu walilikimbilia begi la kupigia siku ya kwanza.

Kwa wiki mbili za mwanzo, basi, usipige kitu chochote. Kimbia au tembea kwa haraka dakika 30 mara nne kwa wiki, ruka kamba, na upige kivuli, yaani kurusha ngumi hewani, mbele ya kioo kwa raundi tatu au nne. Mimi huwapeleka vijana Ufukwe wa Coco saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado changa, kwa kuwa joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, pamoja na unyevu wake wa baharini, humchosha mtu kabla mazoezi yenyewe hayajamchosha. Wiki ya tatu na ya nne ingia kwenye begi, ukiwa umefunga bandeji ya mita nne na nusu vizuri kuanzia kifundoni, na upige kwa nguvu ya wastani, yaani ile ambayo unaweza kuongea huku unapiga. Raundi tatu za dakika tatu, na mapumziko ya dakika moja, zinatosha kabisa. Wiki ya tano na ya sita ni za kupiga padi anazoshika mwalimu mikononi, maana hapo ndipo macho na miguu vinapoanza kusikilizana tena. Sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzako, ianze wiki ya saba, kwa glavu za wakia 16, kofia na kinga ya meno, na mtu wa umbo lako ambaye ameambiwa wazi kwamba hakuna anayetafuta ushindi. Kama mwalimu wako anakupandisha ulingoni siku ya pili na kijana mwenye pambano wiki ijayo, tafuta mwalimu mwingine.

Usishangae ukiona uzito umepanda kidogo katika wiki mbili au tatu za mwanzo. Misuli inayofanyishwa kazi upya huhifadhi wanga zaidi, na kila gramu moja ya wanga huo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Nina kijana mmoja, fundi gereji wa Mabibo, aliyeanza na kilo 78, akafika 78.6 wiki ya pili, akataka kuacha kula usiku. Nilimwonyesha futi: kiuno kilikuwa kimepungua sentimita moja. Alitulia akaendelea.

Jambo jingine la wiki hizi ni kujipima kabla na baada ya mazoezi. Ukiingia na kilo 76 ukatoka na 74.8, umepoteza jasho, hukupoteza mafuta, na unadaiwa maji ya lita moja na nusu hadi mbili kabla ya kulala. Andika hiyo tofauti pembeni, kwani utaihitaji baadaye.

Hatua ya nne: chakula, bila kujinyima

Katika wiki nane hizi simpunguzii mtu chakula, namwondolea vitu. Soda, juisi zenye sukari, chipsi mayai za usiku, maandazi na vitumbua vya asubuhi vikitoka, mwili hupungua wenyewe bila mtu kulala na njaa. Ugali na wali vibaki, kwa sababu bondia asiye na wanga hana raundi ya tatu, ila viwekwe karibu na muda wa mazoezi. Samaki, dagaa, mayai, maharage na kuku viwepo kila siku. Lengo zuri ni gramu 1.6 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mchicha na matembele huhitaji kutafutwa, maana mama ntilie wengi hukuwekea kijiko kimoja tu kama pambo, kwa hiyo omba uongezewe na ulipie. Anayefunga Ramadhani ahamishie mazoezi mazito baada ya futari, saa mbili au tatu usiku, na mchana abaki na kivuli chepesi, na asipange pambano ndani ya mwezi huo kama anaweza kuliepuka.

Hatua ya tano: hesabu ya uzani

Sasa ndipo unapoitazama orodha. Mipaka ya ngumi za kulipwa iliwekwa kwa pauni, ndiyo maana kilo zake zina visehemu: bantam ni pauni 118, sawa na kilo 53.5, unyoya 126, kilo 57.2, mwepesi 135, kilo 61.2, super mwepesi 140, kilo 63.5, welta 147, kilo 66.7, super welta 154, kilo 69.9, kati 160, kilo 72.6, na super kati 168, kilo 76.2. Vijana hupenda kuzungusha namba na kusema welta ni 67. Ukipanda mizani na 67 umezidi kwa gramu mia tatu, na utaanza kuvua bukta mbele ya watu. Ngumi za ridhaa zina mipaka yake, ambayo imebadilishwa mara kadhaa: Michael Yombayomba alipotwaa dhahabu ya bantam Kuala Lumpur katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1998, mpaka ulikuwa kilo 54. Mwulize kocha orodha ya mashindano unayokwenda kucheza.

Chukua wastani wa wiki ya nane. Kutoka hapo, kasi salama ya kupunguza mafuta huku ukifanya mazoezi makali ni nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Yule fundi gereji alimaliza wiki ya nane na kilo 74.2, na pambano lilikuwa wiki sita mbele. Kwa gramu 600 kwa wiki angepungua kilo 3.6, abaki na 70.6. Super welta, uzani ambao Watanzania wengi waliuzoea Septemba 2018 baada ya Hassan Mwakinyo kummaliza Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, ulimhitaji aondoe takriban gramu 700 tu zilizobaki katika siku za mwisho, yaani asilimia moja. Yeye alitaka welta, uzani wake wa zamani. Hiyo ingemaanisha kutoa kilo 3.9 za maji, zaidi ya asilimia tano ya mwili. Nilimkatalia, akanuna siku mbili.

Nilimkatalia kwa sababu ninaijua safari hiyo. Niliporudi mimi, nilikuwa na kilo 70 na nilitaka mwepesi, 61.2, kwa kuwa ndio niliouacha. Wiki ya mwisho nilikimbia nikiwa nimevaa nailoni chini ya sweta, nikitemea mate kwenye chupa ndani ya daladala huku abiria wakinihama. Mizani ya jimu tuliyokuwa tunaitumia ilisoma kilo mbili pungufu, na nilijua hivyo jioni ya kuamkia kupima, kwenye mizani ya mwenzangu. Nilikesha. Nilipita kwa gramu mia mbili, watu wakapiga makofi. Kesho yake, raundi ya tatu, niliona jebu ya mpinzani, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, ikija, nikaamua kuikwepa, na kichwa hakikusogea. Niliiona yote, hadi ilipofika. Kona yangu ilirusha taulo kusimamisha pambano raundi ya nne.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la mtu anayepanda uzani kwa uvivu. Akiwa na kitambi na kilo 76 anajiita super kati, halafu anakutana na mtu mwenye kilo hizohizo za mifupa na misuli, aliyemzidi mkono kwa sentimita kumi. Kama kiuno bado kinapungua kila wiki na nguvu ya ngumi haipungui, bado hujafika kwenye uzani wako, endelea taratibu. Kiuno kikigoma, usingizi ukikatika, mapigo ya moyo ya asubuhi yakipanda, na mwenzako wa sparingi akianza kukufikia kwa ngumi alizokuwa anazikosa, umeupita. Hapo ongeza chakula hadi kilo moja irudi mwilini, na uzani wako ni ule wa juu yake.

Hatua ya sita: wiki ya upimaji

Kwa ngumi za kulipwa, ambako mnapimwa siku moja kabla ya pambano, mimi siruhusu zaidi ya asilimia tatu itokane na maji na tumbo. Punguza chumvi kuanzia siku tano kabla, na siku mbili za mwisho punguza maharage, mboga za majani na vyakula vinavyokaa tumboni. Maji endelea kunywa hadi jioni ya kuamkia upimaji, kisha punguza. Katika ngumi za ridhaa, ambako unaweza kupimwa asubuhi na kupigana siku hiyohiyo, usicheze na maji hata kidogo. Dawa za kukojoza, furosemaidi ikiwemo, zimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na mbali na kufungiwa zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Nailoni nimeshaisema.

Ukishashuka kwenye mizani, anza na chumvichumvi za duka la dawa. Ukizikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazishwa. Kunywa kidogo kidogo, kisha wali na samaki baada ya saa moja. Biryani ya kushangilia isubiri.

Hatua ya saba: simu ya promota

Simu itakuja Jumatano jioni: kuna nafasi Jumamosi ya wiki ijayo, mpinzani amejitoa, uzani ni welta, pesa nzuri. Usijibu papo hapo. Fungua daftari, tazama wastani wa siku saba zilizopita, na uondoe asilimia moja kwa kila wiki iliyobaki pamoja na tatu za mwisho. Kama namba haifiki 66.7, mpigie na uombe mpigane kwa uzito wa makubaliano, kwa mfano kilo 69, uandikwe kwenye mkataba kabla hujaanza kukimbia. Fundi gereji alipokea simu kama hiyo mwezi uliopita, akasoma namba zake kwa sauti kwenye simu, na promota akakubali 69.5.