Osaka kwa mwenye njaa: pa kutembea, cha kula na namna ya kukwepa nguruwe

Watu wengi wakienda Japani wanaipa Tokyo siku zote alafu Osaka wanaipita tu wakielekea Kyoto, na mimi naona hapo wanajinyima sana, manake kwa upande wa msosi wa barabarani Osaka ndo yenyewe. Cha kwanza nakushauri usipange siku yako kwa orodha ya vivutio, panga kwa tumbo. Kula kidogo hapa, tembea, kula tena kule. Ukishiba kwenye mgahawa wa kwanza siku imeisha.

Uwanja wa ndege wa Kansai upo kwenye kisiwa cha kutengenezwa baharini, ukitoka pale panda treni ya kampuni ya Nankai mpaka stesheni ya Namba, katikati ya mji. Kabla ya kupanda nunua kadi ya ICOCA, unaijaza hela unagusa getini basi, inafanya kazi kwenye treni, metro, mabasi na hata dukani. Laini ya metro ya kuikariri ni Midosuji, ile nyekundu, inapita Umeda, Shinsaibashi, Namba na Tennoji, yani karibu kila unachotaka kipo hapo hapo. Kwenye ngazi za umeme Osaka watu wanasimama kulia na kuacha kushoto wazi, wakati Tokyo ni kinyume chake, we angalia tu aliye mbele yako.

Asubuhi nenda Osaka Castle. Ngome ilianzishwa na mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi 1583, ila jengo unaloliona leo ni la zege la mwaka 1931 na ndani lina lifti na makumbusho, kwahiyo foleni ikiwa ndefu usiumie roho, bora uzunguke nje. Kuta za mawe ndo za kushangaa. Hizo zilijengwa na ukoo wa Tokugawa, watawala waliofuata, miaka ya 1620, baada ya ngome ya Hideyoshi kuanguka 1615. Ukipita geti la Sakuramon simama mbele ya jiwe linaitwa Tako-ishi, jiwe moja tu lina uso wa karibu mita 60 za mraba na linakadiriwa kuwa na tani 108. Lilisafirishwa kwa njia ya maji enzi ambazo hakuna kreni!

Mchana sogea soko la Kuromon, karibu na stesheni ya Nippombashi, kuna samaki wabichi, chaza, kaa, matunda, vingine wanakuchomea hapo hapo. Bei zake ni za kitalii kwahiyo onja tu, usijaze tumbo pale.

Jioni ndo mtaa wa Dotonbori. Lile bango la mkimbiaji la Glico, kampuni ya pipi, utalikuta na umati unapiga picha darajani, piga yako alafu tafuta takoyaki. Mwenye kuzoea vitumbua atazielewa haraka, kikaango ni kile kile cha vishimo, ila humu unga ni wa majimaji, kila kishimo kinawekwa kipande cha pweza, na fundi anazigeuza na kijiti chenye ncha kwa spidi ya ajabu mpaka zinakuwa duara. Juu sosi, mayonezi na vipande vyembamba vya samaki mkavu vinavyochezacheza kwa mvuke. Usitupie nzima mdomoni!! nje inapoa mapema ila ndani bado uji unachemka, itoboe kwanza isubiri. Na kula umesimama pale pale kwenye kibanda, sio unatembea nazo, manake mapipa ya taka barabarani ni machache sana na muuzaji ndo atakupokea kisahani chako.

Ukitaka kukaa kidogo kula okonomiyaki, kabichi nyingi kwenye unga na mayai, inaivia kwenye bamba la moto mbele yako. Au nenda mtaa wa Shinsekai chini ya mnara wa Tsutenkaku (huu wa sasa ni wa 1956) ukale kushikatsu, mishkaki iliyopakwa chenga za mkate ikakaangwa. Pale kama bakuli la sosi ni la watu wote unachovya mara moja tu kabla hujang'ata, ukitaka sosi zaidi unaichota na jani la kabichi.

Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe kuweni makini, okonomiyaki ya kawaida inakuja na nyama ya nguruwe juu, kwahiyo agiza ya kamba au ngisi na useme "butaniku nashi de", yani bila nguruwe. Ila bado bamba ni lile lile la kupikia nguruwe, mafuta ya kukaangia huenda yakawa ya nguruwe, na sosi au mchuzi mara nyingi una pombe ya kupikia, hata takoyaki uliza. Anayetaka uhakika atafute mgahawa wenye cheti cha halali, eneo la Namba ipo ya kutosha.

Beba keshi, vibanda vingi vidogo vinataka yeni mkononi, na mashine za hela za Seven Bank kwenye maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi nyingi za nje. Hela weka kwenye kisahani cha kaunta, usimpe mtu mkononi. Bakshishi hawachukui, ukiiacha mezani watakukimbiza kukurudishia. Na angalia saa, metro inaisha mida ya usiku wa manane, baada ya hapo ni teksi na teksi za Japani zinauma.