Kuwafundisha Wauguzi wa Wodi ya Wazazi kwa Barua Pepe

Muuguzi wa Tanzania hutakiwa kuonyesha ushahidi wa mafunzo endelevu anapohuisha leseni yake kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, lakini wodi ya wazazi haiwezi kufungwa ili wote wakae darasani. Barua pepe huwafikia wa usiku na wa mchana, mradi isiwe furushi la mwongozo wa kurasa mia moja, ambalo hakuna atakayelifungua kwa kifurushi cha intaneti alichokinunua mwenyewe.

Anza na tatizo moja, kwa mfano kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Jumatatu tuma swali lisilozidi mistari kumi, lenye hali halisi ya wodini: mama amejifungua kwa njia ya kawaida, kondo la nyuma limetoka lote, damu imefika mililita 700 na mfuko wa uzazi ni laini, yaani haujakaza, utaanza na nini, na utaandaa dawa gani? Usiweke jibu hadi Alhamisi, kwa kuwa aliyekuna kichwa kwanza hukumbuka kuliko aliyepewa jibu mkononi. Jibu nalo lieleze sababu, si dozi tu: asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, gramu 1, huingizwa polepole kwenye mshipa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, kwani faida yake hupungua kadiri dawa inavyocheleweshwa. Baada ya wiki tatu lirudishe swali hilo kwa sura nyingine. Waandaaji wengi huona haya kurudia, ilhali kurudia ndiko kufundisha kwenyewe.

Maelezo yote yakae ndani ya barua, bila kiambatisho. Anwani za wauguzi ziweke kwenye nakala fiche (BCC), ili mmoja asione za wenzake, na kisa cha kweli kiondolee jina, namba ya faili, kijiji na tarehe, maana barua ikishasambaa hairudi. Kwa wasiofungua barua pepe, nao wapo, chapisha swali ulibandike chumba cha chai.

Hifadhi majibu pamoja na tarehe zake, na uulize Baraza mapema kama litayatambua kabla hujamwahidi mtu alama za mafunzo endelevu. Ukiona wengi wamekosea swali la kukanda mfuko wa uzazi, acha kuandika: chukua mwanasesere wa mafunzo, nenda wodini wakati wa kukabidhiana zamu, na kila mmoja akande kwa mkono wake huku ukimtazama.